Sufuria ya Siku Tatu

Mabanga, tarehe 7 mwezi wa sita

Papa Munezero,

Munezero ametoka kuweka haragi ndani ya pua, sasa hivi. Nilikuwa nachambua maharagi ku lungo, yeye amekaa pembeni yangu, kimya, na wewe unajua: mutoto wako akinyamaza, kuna kitu anaharibu. Nageuka, naona amefungua macho hivi, anapumulia mudomo. Nikamuuliza, "Iko wapi?" Akanionyesha pua. Mama yako akatoka mu nyumba bila kandambili, akaziba tundu lingine na kidole, akamwambia, "Piga kamasi kama papa yako!" Haragi ikaruka toka ku pua paka ku ukuta. Mutoto akaikimbilia, akataka kuirudisha mahali pake. Tulicheka paka nikasahau kidogo kwamba wewe hauko.

Kisha nikakumbuka.

Barua hii ataileta Miriam, ule mwenye kuuza maharagi, ataificha mu magunia matupu anayorudisha Kiwanja. Tangu wale wenye bunduki walikunyanganya simu ku baryeri, pale wanafunga barabara, nilijaribu namba yako tena na tena. Kuna mwanaume anaitika, anacheka, anasema "Allo chérie." Sasa nimeacha.

Hapa nyumbani tuko kama kuku mu kitunga. Jua likianza kulala tunafunga mulango, tunaweka na ile meza nyuma yake. Muchana naenda paka ku robine kuchota maji, narudi. Hata kwa dada yangu kule Himbi sijafika tangu ulipotoka, juu mama hawezi kubaki peke yake. Akipuliza moto mara moja, moshi unamufunga kifua, anakohoa paka kesho yake. Na kula kwa jirani hataki: "Mimi sili ku sufuria ya watu." Basi napika asubui, napika mangaribi, napika. Na wewe unajua maharagi, yanakula makala ya moto kuliko vile sisi tunayakula. Na makala siku hizi hayaonekani.

Jirani yetu Kahindo, ule mama wa Butembo mwenye watoto wengi, aliniita ku lupango, ule uzio kati yetu: "Mama Munezero, kila siku moshi! Unapika ao unachoma nyumba?" Akanifundisha. Yeye anapika mara moja, wanakula siku tatu. Unalowesha maharagi tangu jioni. Unapika bila chumvi, kabisa bila chumvi, juu chumvi njo inayaharibu haraka. Yakiiva unachota ya leo peke yake, unayaunga na kitunguu na mawese na chumvi yake. Ile ingine unaiacha ipoe wazi, ukifunika ya moto inachacha. Kila mangaribi unaichemsha tena paka itokote katikati, na kijiko kilichoingia mu mudomo kisiingie tena mule. Anasema sufuria ni kama siri, ukiionja-onja inaharibika.

Nilipomwambia mama, akanitazama kama nimetukana. "Chakula cha jana ni cha mbwa. Mimi nilizaa mutoto anakula moto." Basi bado napika mara mbili.

Papa Munezero, kitu kimoja tu nakuomba. Miriam anasema vijana wanakamatwa ku baryeri, wanabebeshwa mizigo, na wengine hawarudi. Wanawake wanapita. Wewe usishuke huku kwetu Mabanga. Hata ukituota, usishuke. Niandikie hilo neno na mukono wako.

Mimi wako,
Uwizeye

~

Kiwanja, tarehe 11 mwezi wa sita

Mama Munezero,

Barua imefika, ina harufu ya gunia, lakini niliinusa hivyo hivyo.

Mimi niko muzima. Muzee Ntirenganya, baba mudogo, ananilaza mu gala pamoja na maharagi yake. Usiku panya wanatembea juu yangu kama watu wa soko. Muchana tunavuna. Siendi barabarani. Kazi si nyingi, nimenenepa hata, ukiniona hautanijua.

Mwambie mutoto haragi ni ya mudomo. Mwambie na mama kwamba nimecheka sana juu ya kamasi, lakini mimi sikuwa napiga kamasi vile anasema.

Kuhusu chakula cha jana, wewe na mama mutaelewana. Mimi nilikula chakula cha jana mara nyingi kwa mama wa rafiki zangu, na mama sikumwambia. Usimwambie.

Unataka neno langu. Basi neno langu ni hili: sitashuka. Lakini siwezi kukudanganya. Kitu kimoja kitanishusha, kilio. Mutu hakosi kilio cha kwake. Nikisikia kuna kilio nyumbani, hata baryeri iwe ya chuma, nitakuja. Lakini hakuna atakayekufa, basi sitashuka.

Nakutumia maharagi ya njano, yale yanaiva haraka. Miriam asikuambie ni yake.

Habarurema

~

Mabanga, tarehe 15 mwezi wa sita

Mwanangu Habarurema,

Ni mimi mama yako Athanasie ninasema, bibi yako Uwizeye anaandika. Nimemwambia aandike vile ninasema, asipange-pange maneno.

Unavaa ule mupira wa baridi, ule wa sufu? Uvae. Kiwanja ya leo sijui, lakini mu gala kuna upepo wa chini.

Huyu bibi yako ananisumbua. Andika: ananisumbua. Hapana, usicheke, andika! Sasa wamepanga na ule mama wa Butembo eti watapika pamoja, nyumba mbili moto mumoja, maharagi ya siku tatu. Nikauliza, na haragi yangu nitaijuaje mule ndani? Wakacheka. Kisha sufuria zao hazitoshi, eti wataazima ile kubwa ya mama wa kanisa. Ile ya matanga, Habarurema! Sufuria ile tangu ilinunuliwa haijatembea bila maiti. Ilipika kwa kilio cha papa yako. Mimi sipikiwi kilio nikiwa muzima, na wewe ukiwa mbali vile.

Lakini makala yameisha. Leo tumekula viazi vya kuchoma ku majivu ya mwisho, na chai. Mutoto amelala akiomba maharagi, akiyaita kwa jina kama mutu. Basi nimesema wapike. Mara moja tu. Na ile sufuria iingie na iende, isilale hapa.

Nasema tena, uvae mupira.

Mama yako

Ni mimi Uwizeye hapa chini. Alipomaliza kusema mupira, alitoka inje, akakaa ku mawe, akageukia ukuta. Nilimwacha. Nimeogopa kukuandikia vile anazeeka. Sasa nimeandika.

~

Mabanga, tarehe 21 mwezi wa sita, haraka

Papa Munezero,

HAKUNA MUTU AMEKUFA. Soma hili kwanza. Mama ni muzima, mutoto ni muzima, mimi ni muzima. Ukisikia kilio huko, si kweli. Usishuke.

Sasa nikueleze.

Leo, siku ya posho, Jumamosi, mimi na Kahindo tulienda kuchukua sufuria kwa mama Victoire wa kanisa, njo anaitunza. Tuliibeba wawili, kila mutu na sikio lake. Ni nzito, tulinyamaza njia yote. Vitenge tumevifunga kiunoni juu ya kazi. Dative wa avenyi ya nyuma alituona tunapita: sufuria ya matanga, wanawake wawili kimya, viuno vimefungwa kama ku kilio. Akashika mudomo. Hakuuliza kitu.

Tukaiweka mu parseli, hapa inje ya nyumba, ku mafiga matatu, tukawasha kuni mbichi za Kahindo. Moshi! Macho yangu yakawa mekundu kama pilipili. Maharagi yameanza kutokota vizuri, nasikia mulango. Anaingia Dative na mukeka ku kichwa, nyuma yake wamama wengine, na kuni, na bido za maji. Wote wanalia. Ananikumbatia, anasema, "Pole, mama, pole, Mungu njo anajua."

Papa Munezero, nilijua wameleta habari yako. Ni nani mwengine tunayemungojea? Nikapiga kelele. Nikalia vile sijawahi kulia. Wao wakaona nalia, wakaongeza. Wanaume wakaanza kufunga shitingi ya kivuli ku lupango, mwengine akaweka viti. Na wewe unajua desturi yetu, ku kilio mutu haulizi ku mulango nani amekufa. Unaingia, unalia, jina utalisikia mbele.

Mama alikuwa amelala. Akatoka, akaona shitingi, akaona sufuria, akaniona mimi chini. Akaweka mikono ku kichwa. Hakulia. Alinikamata hapa ku kifua, akaniuliza polepole, "Ulijua tangu lini? Umeniandikisha barua kwa maiti?"

Nikamwambia, "Mama, mimi sijui kitu, njo wamekuja kuniambia!"

Kahindo alikuwa ametoka kutafuta chumvi ya jioni. Akarudi, akasimama katikati ya watu, akauliza kwa sauti, "Nani amekufa?"

Dative akanitazama, mimi nikamutazama Dative.

"Si ninyi?" akasema Dative.

"Sisi nani?"

"Si ninyi mulileta sufuria!"

Kahindo akasema, "Tulileta ya kupika maharagi. Ya siku tatu."

Muzee mumoja aliyekuwa anafunga shitingi akaanza kucheka paka akashuka chini. Dative alikasirika, anasema tumemuibia machozi. Mama yeye hakucheka. Alikaa chini ku mukeka wa Dative, akaomba maji.

Na kwa sababu watu walikuwa wamekaa, na chakula kimeiva, wamekula. Maharagi ya siku tatu ya nyumba mbili yameisha kabla jua halijasimama. Kahindo anasema nimejifunza somo la kwanza, pika inje lakini funga mulango.

Lakini njo hii inaniogopesha. Darius, mwenye kamyo ya viazi, alikuwa amesimama ku avenyi. Wanasema alichungulia, akaona kilio, akatoa kofia, akapanda kamyo yake akaenda. Ameenda Kiwanja. Hakungoja kusikia mwisho.

Miriam anapanda kesho asubui. Nimemuapisha. Usishuke, usishuke.

Uwizeye

~

Kiwanja, tarehe 21 mwezi wa sita, jioni

Mama Munezero,

Darius amefika. Amesema shitingi iko ku lupango letu, sufuria iko ku moto, na wewe uko chini unalia. Jina la maiti hakulisikia. Nikamuuliza, ulimuona mama? Hakumuona. Ulimuona mutoto? Hakumuona.

Sijui naandika pole ya nani.

Nakuja. Natoka kesho alfajiri na miguu, napita mashambani paka Rugari, pale nitaona. Nilikudanganya mu barua yangu. Nilikwisha kujaribu kushuka mwezi uliopita. Walinikamata ku baryeri, nilibeba masanduku yao paka mugongo ukafunguka, na muzee Ntirenganya njo alikuja kuniombea. Sijanenepa. Mugongo bado unatoa maji. Sikutaka uchukue hayo mawazo pamoja na moshi.

Nampa barua hii mama mumoja wa mboga, pengine atafika mbele yangu, pengine nyuma.

Kama ni mama, mumuoshe vizuri, muniwekee nafasi ku kaburi la papa.

Kama ni mutoto, usimuzike kabla sijafika. Nakuomba. Uniwekee.

Habarurema

~

Kiwanja, tarehe 24 mwezi wa sita

Mama Munezero,

Nimerudi Kiwanja. Pumua.

Nilikuwa Rugari, nyuma ya boutique, naangalia barabara vile inateremuka. Kutoka pale nilikuwa naiona baryeri, kamba yake na watu wake. Nilisema nikivuka bananerai ile, lile shamba la migomba, nitakuwa nimepita. Nilikuwa nimekwisha kuvua viatu. Kamyo inapanda, mwanamuke yuko juu ya magunia, ameniona, anapiga kelele kama mutu wa kuuza samaki: "Habarurema! Weee, Habarurema! Hakuna maiti! Ni maharagi!"

Kamyo nzima ilisikia. Rugari nzima ilisikia.

Miriam alinitupia barua yako. Nilisoma pale HAKUNA MUTU AMEKUFA, nikaisoma tena, nikacheka paka mwenye boutique akatoka na fimbo. Kisha nikakaa chini mu vumbi. Walinipandisha ku magunia kama muzigo.

Lakini nikuambie ukweli, sasa nimeanza kuusema. Hapa siwezi tena. Usiku nasikia Munezero analia mu gala, kumbe ni panya. Safari hii Miriam alinikuta. Safari ingine, mutu akitoa kofia tu mahali, nitashuka, na Miriam hatakuwa ku njia. Neno nililokupa ni kama nyumba ya majani. Sijui litasimama paka lini.

Habarurema

~

Mabanga, tarehe 27 mwezi wa sita

Papa Munezero,

Jana nimesoma barua zako zote mbili mbele ya mama, na ile ya mugongo. Nilitaka kuruka pale, akaniambia, "Usiruke. Mimi njo nilizaa huo mugongo." Ile ya "usimuzike kabla sijafika" ilipofika, nilishindwa. Mutoto alikuwa ku magoti yangu, anavuta karatasi.

Paka mangaribi nilikuwa nasema mu moyo: yeye hawezi kushuka, mimi siwezi kutoka, mama hawezi kupuliza moto. Watu watatu, kila mutu ni mulango wa mwenzake, na yote imefungwa.

Leo asubui nilienda kwa mama Victoire, nikaazima sufuria tena. Peke yangu, niliiviringisha ku njia kama pipa, na nilikuwa naimba kwa sauti ili watu wajue. Dative alinipigia kelele kutoka kwake: "Leo nani amekufa?" Nikamujibu, "Njaa!" Watu wakacheka avenyi yote. Na mulango tulifunga.

Wakati tunachambua, mama akatoka akakaa na sisi. Akachukua lungo. Hakusema chakula cha mbwa. Alichambua yale ya njano uliyotuma, akauliza Kahindo, "Hii itafika siku ngapi?" Kahindo akamwambia, "Siku tatu, mama, kama kijiko hakichezi. Mimi nitakuchemshia ku moto wa mbabula yangu kila mangaribi. Ni maharagi yako, mimi natoa moto tu." Mama akachambua, akachambua. Kisha akasema bila kuniangalia, "Wanawake wanapita ku baryeri, si vile?"

Papa Munezero, mimi sikuwa nimesema kitu. Nilikuwa nalifikiri tangu asubui, lakini nilikuwa naogopa kulisema. Nilijibu, "Ndiyo, mama. Miriam anapita kila wiki."

"Siku tatu," akasema. "Kupanda, kumuona, kushuka. Siku ya ine mimi nitakula nini?"

"Nitakuwa nimerudi."

"Wasichana wote wanasema hivyo. Bwana yako yuko kule, mutoto uko naye ku mugongo, utarudi kufanya nini? Kukohoa na mimi?"

Nikamuonyesha sufuria. Nikamwambia, "Mama, hii ikiisha, mimi niko ku mulango. Sikuweka ya siku ine."

Alinitazama sana. Kisha akaita Munezero, akampaka mafuta ku uso, ku miguu, paka mutoto akaangaza kama sahani. Anasema, "Baba yake asimukute na vumbi." Njo jibu lake. Na mupira mwengine wa baridi ameukunja, nikuletee.

Zamani nilikuwa nafikiri kupika mara mbili kwa siku njo kupenda watu. Sasa naona ukipika ya kesho, unaweka mukono wako kwa mutu hata ukiwa hauko. Sijui kusema vizuri. Wewe utanielewa.

Basi wewe usishuke. Sisi njo tunapanda, mimi na Munezero, kesho na Miriam. Hatutakaa, ni kukuona tu, na kuuosha huo mugongo na maji ya chumvi, na kukuambia mbele ya macho yako kwamba unatufaa ukiwa mbali na muzima. Kisha tutarudi, na mwezi ujao tutapanda tena. Barua hii nampa Darius leo, anaenda. Amenitolea kofia tena, nikamwambia airudishe ku kichwa. Ungoje pale magari yanasimama, usije hata hatua moja mbele ya pale.

Maharagi yameiva, yanapoa wazi. Nimechota ya leo, mama amekula, amesema chumvi ni kidogo, kumbe ni yeye aliweka. Nimemuonyesha Kahindo vijiko. Nguo za mutoto nimefunga mu kitenge cha

Mama ananiita kutoka ku lupango: "Mama Munezero! Miriam yuko hapa! Anasema kamyo inatoka leo, si kesho, iko ku kona inanguruma! Acha hizo karatasi!"

Basi hii nitakuletea mimi mwenyewe ku mukono. Lakini ile ingine nilitaka uisome kabla hujatuona, juu nikikutazama sitaweza kuisema, ni kwamba ile siku ya kilio, nilipokuwa chini na nimejua kabisa ni wewe, kitu cha kwanza nilikifikiri kilikuwa kwamba mimi njo nilikukataza kushuka, na umekufa bila mukono wangu.